Dirisha Dogo la Mafuta ya Baba

Jumatatu, 4 Machi

Nimeanza kazi leo, kwenye maabara ya mafuta. Sijui niandike nini kwanza — nimeona kitu ambacho mpaka sasa sijakiamini.

Mashine iko chumba cha mwisho, nyuma ya mlango mzito wa chuma. Nilijiandaa kukuta mtambo wa kutisha. Nimekuta mtungi mnene wa chuma, mabomba membamba, geji ukutani na pampu inayokohoa. Ubavuni mwa mtungi kuna kidirisha cha duara, kioo chake kinene ajabu. Bosi wangu — wote wanamwita Mama Presha, hata mlinzi wa getini — akanisukuma taratibu begani. Angalia hapo, usipepese macho.

Ndani kulikuwa na gesi ya kaboni. Ile ile tunayoitoa puani! Ile ile ya kwenye soda! Imebanwa mpaka sehemu yake imekuwa kimiminika, na katikati kuna mstari ulionyooka: chini kimiminika, juu gesi. Sawa, nikasema moyoni, nimeona. Akaongeza joto. Si moto, ni joto la mchana wa kawaida tu. Mstari ukaanza kutetemeka. Ukafifia. Ukatanda ukungu wa rangi ya chai. Halafu ukungu ukaondoka na — hakuna mstari! Hakuna juu wala chini. Kitu kimoja, angavu, kimejaa chombo kizima.

Nikauliza kimiminika kimeenda wapi, kama mtoto. Mama Presha akasema hakijaenda popote, kimevuka kizingiti tu: sasa si gesi, si kimiminika, ni vyote viwili. Akasema ameshaangalia dirisha hilo miaka nenda rudi na bado nywele zinamsimama.

Zangu bado zimesimama.

Nilipofika nyumbani Baba akaniuliza kama nimeyaona mafuta yake. Nikamwambia nimeona dirisha. Akasema dirisha halikaangi yai.

Jumatano, 6 Machi

Naandika hili nisije nikasahau kwa nini niliacha kazi yangu nzuri ya kiwanda cha sabuni.

Baba alikuwa mpishi wa hoteli. Amelisha watu maisha yake yote na yeye mwenyewe hakujinyima, alikuwa na tumbo la kuwekea kikombe. Mwaka jana wakamkata utumbo, wakaondoa sehemu kubwa. Tangu hapo mafuta yanampita tu. Anakula, yanatoka kama yalivyoingia. Kinyesi chenye mafuta hakizami, kinaelea, na Baba ndivyo alivyo: kila asubuhi akitoka chooni anamtangazia Mama, "Meli zimeelea!" Mama anamwambia mzee huna haya. Kisha anageukia sufuria zake ili asionekane uso.

Suruali zake anafunga kwa kamba. Daktari amesema kuna sehemu ya utumbo iliyosinyaa, lazima apasuliwe tena, na hatamgusa kwa kisu akiwa mwepesi hivi. Anenepe kwanza! Atanenepaje? Mafuta ya hospitali walishampa, yakamvuruga tumbo na kumkausha ngozi. Daktari huyo huyo ndiye aliyenitajia maabara hii. Wanatengeneza mafuta mapya, akasema, na wanatafuta mtu wa mashine. Nilipeleka maombi kesho yake.

Leo Mama Presha amenichorea kwenye kioo cha kabati. Chembe ya mafuta ni kijiti kifupi chenye mikia mitatu mirefu. Tumbo la Baba haliwezi mikia mirefu mitatu. Mikia mifupi inapita kwa urahisi, moja kwa moja kwenye damu. Lakini mwili hauwezi kuishi kwa mikia mifupi mitupu, unataka angalau mmoja mrefu, ndiyo maana ngozi ilimkauka. Basi: kimeng'enya, protini inayofanya kazi kama mkasi na sindano, kinakata mikia miwili ya pembeni, kinapachika mifupi. Wa katikati hakiugusi.

Nikamuuliza kinajuaje upi ni wa katikati. Hakina macho. Hakina akili. Akafunga kalamu yake, akanitazama, akasema hilo ni swali la kumfanya mtu asilale vizuri.

Ijumaa, 8 Machi

Mzunguko wangu wa kwanza. Gesi inabeba mafuta, inayapitisha kwenye punje nyeupe zilizobeba kimeng'enya, halafu mbele tunashusha presha — gesi inajiondokea na mafuta yanadondoka kwenye chupa, tone, tone, tone. Hakuna harufu ya dawa. Hakuna cha kusafisha. Kilichoyabeba kimepaa! Kule kiwandani tulikuwa tunapika mafuta kwa magadi na moto mpaka macho yanatoka machozi. Hapa unaweza kuweka kiganja juu ya bomba.

Nilisimama mbele ya ile chupa kama mtu aliyeona mgeni wa heshima.

Lakini yamechacha. Mama Presha amenusa mara moja tu akakunja pua. Kulikuwa na unyevu mwingi, kimeng'enya kimekata mikia na hakikupachika kitu. Bwana Nati, fundi wetu wa mabomba, akanitania kwamba nimetoka kiwanda cha sabuni lakini sabuni haijanitoka.

Jumapili, 10 Machi

Siku mbaya. Nilimsimulia Baba kuhusu tone, tone. Kosa langu, mdomo haukutulia. Akaweka uma chini. Akaniambia nimletee kijiko kimoja.

Nikamwambia hapana. Yale yamechacha, na hata yajayo bado hayajapimwa na hospitali. Panya walikula ya majaribio ya mwanzo na wakanona, ni kweli, lakini kila pipa linapimwa upya. Nikamweleza taratibu. Hakusikiliza hata neno.

Aliyoyasema nayaandika kama yalivyo, kwa sababu yananichoma. "Nimelisha wageni miaka arobaini. Leo binti yangu mwenyewe ananinyima kijiko cha mafuta!"

Akaenda kulala mchana kweupe. Mama hakunilaumu wala hakunitetea, akaosha vyombo tu, kwa kelele. Nilitaka kumfuata Baba nikamwambie naogopa kumuua. Sikuweza.

Jumatano, 13 Machi

Unyevu ndio adui? Basi nimeuondoa wote! Punje nimezikausha siku nzima. Mafuta nimeyakausha. Kwenye njia ya gesi nimeongeza chujio la pili la kukaushia. Bwana Nati akauliza kama nataka kuanika na jengo. Namwacha acheke. Kesho ataona.

Baba hajanisemesha tangu Jumapili. Anamwambia Mama aniambie nipitishe chumvi, na chumvi iko mbele yake.

Alhamisi, 14 Machi

Hakuna kitu. Mafuta yameingia, mafuta yametoka. Mashine ya kuchambua imechora kilele kile kile cha mafuta ya zamani, kirefu, peke yake; cha mafuta mapya hakipo.

Ijumaa, 15 Machi

Tumerudia. Hakuna. Mama Presha ameshika punje kiganjani akazipindua pindua. Amesema zimekufa. Kuagiza nyingine ng'ambo ni miezi. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Miezi! Nikamfikiria Baba na kamba yake ya suruali.

Jumamosi, 16 Machi

Wamemlaza. Asubuhi alisimama kutoka kitandani, akakaa chini sakafuni kama mtu aliyeamua kupumzika. Hakuanguka, Mama anasisitiza, alikaa. Maji yamemwishia mwilini. Wamemtundikia dripu.

Mkononi mwake mshipa unaonekana wote, mpaka kwenye kiwiko.

Jumapili, 17 Machi

Wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Asubuhi nzima hakuruhusiwa kuweka kitu mdomoni, wanataka kumpiga picha ya tumbo. Tulipofika alikuwa macho lakini haongei. Mama akamuuliza anaumwa wapi. Kimya. Nikamuuliza mimi. Kimya. Nikajua bado ananinunia, hata humu!

Nesi akapita akatuambia hawezi kuongea, ulimi umegandamana na kaakaa. Akampa Mama pamba na maji kidogo kwenye kibakuli. Mpanguse tu, msimnyweshe.

Mama akachovya. Akampangusa mdomo wa juu, mdomo wa chini, ncha ya ulimi. Pamba yenyewe haikuwa inadondosha hata tone. Na Baba akafumbua kinywa, akasema wazi kabisa kwamba aliyepika supu ya kitanda cha jirani anapaswa kushtakiwa.

Tulicheka mpaka nesi akarudi. Baba akanitazama mimi, si Mama. Akasema, "Wewe mwanasayansi, mbona umekonda? Mgonjwa ni mimi."

Nililia kwenye ngazi. Nalia hata sasa naandika, lakini si kwa huzuni. Alikuwa yupo muda wote! Hakununa, hakuwa amezidiwa. Alikuwa amekauka tu.

Jumatatu, 18 Machi

Niandike kwa utaratibu. Niandike kwa utaratibu!

Niliamka na jambo moja kichwani: ile pamba. Nilifika maabara kabla ya Mama Presha, nikamsubiri mlangoni. Nikamwambia labda kimeng'enya hakijafa. Labda nimekikausha mpaka kimeshindwa kufumbua kinywa. Nikaungama: nilikausha punje, nikakausha mafuta, nikaongeza na chujio la pili. Akasimama, mkoba bado begani. Hakuwa anajua kuhusu chujio la pili! Bwana Nati alidhani ni Mama Presha aliyeniagiza, nami sikuwaza kumwambia, kwangu kukausha ni kukausha.

Akaweka mkoba chini sakafuni. Akasema hii gesi ina kiu kuliko mlevi, inanyonya maji popote inapopita. Na kimeng'enya kinaishi ndani ya utando wa maji mwembamba, usioonekana. Kikivuliwa utando huo kinakakamaa. Hakioni kazi mbele yake.

Bwana Nati akafungua machujio yote mawili. Mama Presha akaunganisha kipampu cha sindano. Maji kidogo sana — ukiyaweka mezani utayafuta kwa kidole. Ukizidisha, mafuta yanachacha tena. Ukipunguza, kimya. Akaniachia mimi nisukume. Akanishikilia kiwiko kama anayemfundisha mtu kushona.

Tukabana gesi. Tukaongeza joto. Niliangalia dirishani: mstari, ukungu wa chai, hakuna mstari. Na safari hii mafuta yalikuwa ndani ya ule mwangaza, yameyeyuka yote, huoni hata ukingo wake. Nikasimama pale nikiangalia kitu ambacho hakionekani.

Tukachukua sampuli ya kwanza. Kilele cha zamani, kirefu, peke yake.

Ya pili. Vile vile. Bwana Nati akaenda kunywa chai, sijui aliwezaje.

Ya tatu. Mama Presha ameinama mbele ya skrini, miwani puani. Grafu ya mashine inapanda mlima ule ule, inashuka. Inanyooka. Nikaanza kugeuka. Na pembeni — pale ambapo siku zote ni tambarare — kichuguu. Kidogo! Kama kifundo kwenye uzi.

Mama Presha akachukua sampuli nyingine.

Ya nne, kichuguu kimekuwa kilima. Ya tano, cha zamani kimeanza kuporomoka. Ya sita viko sawa kwa sawa. Nikasikia mtu anasema "Mungu wangu, Mungu wangu," na ni mimi.

Kiliamka. Kwa maji ya kufuta kwa kidole! Kiliona mkia wa kwanza na wa tatu, kikauacha wa katikati, mara mabilioni kwa mabilioni, ndani ya chuma, ndani ya kitu kisicho gesi wala maji, bila kumwona mtu wala kuagizwa na mtu. Mimi nilichofanya ni kusukuma sindano.

Mama Presha alivua miwani akaifuta, akaifuta tena. Aliniuliza wazo nimelitoa kitabu gani. Nikamwambia wodi ya wanaume.

Jumanne, 19 Machi

Mafuta ya jana hayana harufu. Nimeinua chupa dirishani, nimeona mti wa nje umesimama ndani yake kichwa chini. Nimekaa nayo muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Jumatatu, 22 Aprili

Wiki za kukimbizana, sikuandika. Pipa limejaa. Maabara ya chakula wamepima, hospitali wamepima, wamepitisha. Wagonjwa wa daktari wameombwa mmoja mmoja kujiunga na majaribio, na Baba ametia saini kabla hawajamaliza kumsomea fomu.

Mimi nimewekwa kando. Ni haki, baba yangu yumo. Chupa zimejazwa na watu wengine, nyingine mafuta yetu, nyingine mafuta ya kawaida, na nje zote zinafanana. Hata daktari hajui ipi ni ipi mpaka mwisho. Mama Presha akaniambia nisijaribu hata kunusa. Nikaapa.

Jumatano, 1 Mei

Baba yuko nyumbani. Chupa yake ina kibandiko cha kijani. Nimekitazama kibandiko mpaka Mama akaniuliza kama kina maandishi.

Amekaa mezani, kitambaa shingoni kama mgeni wa hoteli. Akamimina kwenye kijiko. Akakiinua kwenye mwanga. Akanusa kwa tundu moja la pua, akanusa kwa la pili. Mama akamwambia meza mzee, unatutesa. Akameza. Akafumba macho.

Tukamsubiri wote wawili.

Akasema, haina ladha hata kidogo. Kisha akasema, mafuta mazuri ndivyo yalivyo, yanangoja uyape ladha wewe.

Kijiko cha pili alikitia kwenye viazi. Jioni, kabla ya kwenda kulala, akaniita. Akataka nimweleze lile dirisha tena, mstari unavyopotea. Mara ya kwanza nilipomsimulia hakuwa anasikiliza, akasema, alikuwa anasubiri mafuta. Nikamweleza polepole. Akauliza huo mstari unarudi? Nikamwambia ukipoza unarudi, kwanza mvua ndogo ndani ya mtungi, halafu mstari. Akasema amesimama mbele ya majiko miaka arobaini na hajawahi kuona mvua ndani ya sufuria.

Sijawahi kumwona Baba anaduwaa. Anafanana na mimi.

Alhamisi, 2 Mei

Meli zimeelea. Amesema kwa sauti ndogo, bila mbwembwe.

Daktari alishatuonya, siku ya kwanza haisemi kitu. Najua. Naendelea kusema najua.

Ijumaa, 3 Mei

Leo Baba hakutangaza. Mama hakumuuliza. Mimi nimekunywa chai nimesimama.

Labda ni chupa ya kawaida. Lazima wengine wapewe ya kawaida, vinginevyo hakuna ajuaye ukweli, mimi mwenyewe ningemweleza hivyo mtu yeyote. Kazini nimeangalia dirisha, mstari umepotea kama kawaida, nywele zimesimama kama kawaida, na nimekasirika nalo. Linaweza yote hayo na haliwezi kuniambia kibandiko cha kijani ni nini.

Jumamosi, 4 Mei

Asubuhi. Niko mezani jikoni. Mama anamenya viazi, mimi naandika ili nisimwangalie.

Baba yuko chooni. Muda sasa.

Mama amesimamisha kisu. Ameuliza kama namsikia. Simsikii. Hakuna kukohoa, hakuna maji. Mama amekwenda kugonga. "Mzee?" Hajajibu. "Mzee, uko salama?"

Amejibu yuko salama. Sauti ya ajabu, ya chini, kama mtu aliye kwenye nyumba ya ibada. Mama anamuuliza meli vipi leo.

Baba anasema hazipo. Mama anamuuliza hazipo vipi, si umekaa humo tangu alfajiri? Baba anasema ziko, lakini hazipo juu. Ziko chini kabisa. Zote. Amekoroga kwa mpini wa brashi, hazipandi.

Mama ameegemea ukuta wa korido, kiazi bado mkononi. Ananitazama. Siku moja haisemi kitu, nataka kumwambia, na badala yake naandika.

Sasa Baba ananiita mimi. Mwanasayansi! Anasema niache kuandika, nije na miwani yangu, na yeye ana dirisha huku, na nisipepese macho.